Mguu wa Baba Zawadi Mbele ya Mtakatifu

Nakuru. Niliondoka nyumbani kwa hasira. Mume wangu, Baba Zawadi, ni dereva wa familia moja ya Wameksiko huko Doha. Ajali ilimkata mguu chini ya goti, akatengenezewa wa bandia. Miezi ikapita, na kila nikimpigia, bado hajatembea. Asiyetembea haendeshi gari. Nikamwachia mamangu mtoto, nikapanda ndege.

Uwanja wa ndege, Doha. Walikuja tisa kunipokea. Tisa! Bibi Lupe, mkubwa wa nyumba, alinikumbatia akalia kama mimi ndiye niliyekatwa. Mume wangu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi katika joto lile.

Mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwao ghorofani. Mezani Bibi alimkatia nyama, mwingine akampulizia supu.

"Baba Zawadi, kwani mikono pia walikata?"

"Nyamaza, mama. Kwao mgonjwa ni wa familia nzima. Nikikataa ni kama nimewatusi."

"Na mguu uko wapi?"

Akaangalia kona. Mguu ulisimama mbele ya sanamu ya mtakatifu, umefungwa utepe mwekundu, mshumaa kando. Rosa, binti wa Bibi anayejua Kiingereza, akanieleza: kwao ukiombea mguu, unampelekea mtakatifu kijiguu kidogo cha bati. Doha hawakukipata.

"Kwa hiyo mkampa huu wenyewe?"

"Bado hajajibu," Rosa akasema kwa upole.

"Atajibu nini, na mguu anao yeye?"

Asubuhi, kwenye korido. Niliuchukua mguu, Bibi akapiga ishara ya msalaba. Nikamvalisha mume wangu. Familia nzima ikamshika shati, mshipi, kola; hata pa kuangukia hakuwa napo.

"Mwachilieni!"

Rosa akatafsiri, wakamwachilia wote kwa pamoja. Akaanguka pu! Bibi akaketi sakafuni kando yake, kisha Rosa, kisha wote, maana kwao jamaa haachwi chini peke yake. Jirani akafungua mlango, akatuona, akafunga.

Kuwafukuza nilitaka sana. Nikawagawia kazi. "Wewe zuia lifti. Wewe shika maji. Bibi, nenda kule mwisho umwite."

Bibi akaita. Baba Zawadi akainuka kwa kushika ukuta, akayumba, akalaani kwa Kikuyu, akafika. Bibi akamfuta jasho kwa aproni.

Kurudi. Baba Zawadi alinisindikiza ndani ya uwanja wa ndege kwa miguu yake, msafara mzima nyuma, kila mtu na kazi yake. Nimejifunza hivi: watu wanaopenda namna hiyo huwezi kuwaambia waondoke. Hawasikii. Wape kazi, na uwapange mbali kidogo na mgonjwa.