Barua Kutoka Ng'ambo ya Kioo

Saa tisa alasiri mvua inanyesha polepole juu ya mto wa Iloilo, nchini Ufilipino, na Delfa Sumagaysay yuko kwenye simu. Mhariri huyu wa ukurasa wa maoni humpigia kila aliyeleta barua gazetini na kumuuliza maswali mawili tu: ni wewe uliyeandika? Bado unasimama nayo?

"Huku mtu anatoa la moyoni, kwa jina lake," anasema, akionyesha kioo kinachotenga meza yake na chumba cha habari. "Kule mwandishi anajificha. Ukishajua anapenda nini, ameharibu kazi."

Kule ndiko aliko mumewe, Fredo, anayeandika habari za baraza la mji. Huyu amejificha mpaka nyumbani. Akiulizwa kama mchuzi umekolea, hujibu kwamba wapo watakaosema chumvi imezidi.

"Nimeolewa na taarifa ya habari," Delfa anatania.

Wiki hii baraza linajadili kung'oa taa za njano za kando ya mto na kuweka nyeupe, kali. Fredo amewanukuu wahandisi, amewanukuu wauza samaki wa jioni, bila kupendelea. Leo, katikati ya barua za wasomaji, Delfa ameikuta ya Fredo mwenyewe. Inasema chini ya taa zile hata mtu aliyechoka huonekana mzuri, na kwamba mji usiwe na haraka ya kuona kila kitu.

Delfa ameisoma mara mbili, machozi yakimlengalenga. Anatamani kuichapisha kesho, juu kabisa ya ukurasa. Lakini anayeripoti mjadala akishika upande, nani ataamini habari zake tena? Anainua simu. Ng'ambo ya kioo, Fredo anapokea.

"Bwana Sumagaysay, ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, mama."

"Bado unasimama nayo?"

"Nasimama nayo."

"Siwezi kuichapisha."

"Najua. Nilitaka uisome wewe tu."

Fredo anastaafu Desemba. Delfa amemwekea kona ya Jumamosi katika ukurasa wake kuanzia Januari, hata kama taa zitakuwa zimeshaondolewa. Kila wiki atampigia simu, kama wengine.

Jioni wanakula, mwanga wa njano ukiingia dirishani. Delfa anauliza habari ya mchuzi.

Fredo anaonja tena, anafikiri.

"Chumvi imezidi," anasema.