Safari ya Mbwajumali Niliyoipanga Nisiende

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kuvuka maji. Wajukuu zangu wakisikia hivyo hucheka, maana Amu, hiyo Lamu, ni kisiwa na bahari iko mlangoni. Lakini mabinti wa nyumba za mawe za mjini tulitoka jioni, tumejifunika mabuibui, kwenda arusini au kumtazama mzazi aliyejifungua, kisha tukarudi. Manda, iliyo ng'ambo tu, niliiona nikiwa darini.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Kaka yangu alisomesha shule ya serikali, na siku moja alirudi na habari kwamba Bwana DC atapata wageni: wasichana wawili wa Kiingereza, waliokuja Mombasa katika mpango wa shule za kwao na za huku kubadilishana wanafunzi. Likizo wangekaa Amu wiki mbili, na kaka ametakiwa awapangie matembezi.

"Nisaidie," akaniambia. "Mimi nitawapeleka msikitini na sokoni, halafu niwapeleke wapi? Wewe wazijua habari za visiwa vyote."

Nilizijua kwa kusikia. Bi mmoja wa Kipungani alituletea mikeka, na akikaa kunywa kahawa alinieleza kijiji chake mpaka nikajua ni nyumba gani ina kisima cha maji matamu. Wanawake wa Kizingitini walilala kwetu walipokuja hospitali. Na hesabu ya maji nilifundishwa na babu mzaa mama, aliyekuwa nahodha. Nikiutazama mwezi najua kesho bahari itajaa saa ngapi na itakupwa saa ngapi.

Nikachukua kalamu nikaandika kwa herufi za Kiarabu, maana hizo ndizo nilizosomeshwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na kaka akanakili kwa herufi za Kizungu. Siku ya kwanza mjini. Siku ya tatu Kipungani, wakaone mikeka inavyosukwa. Kisha Manda, kwenye magofu. Na ile siku ya tisa, siku nne baada ya mwezi mpevu, asubuhi maji yakiwa bado mengi, nikaandika: kisiwa cha Pate, bandari ya Kizingitini, halafu kwa miguu mpaka Mbwajumali.

Kaka alipofika hapo akaiweka kalamu chini. "Mbwajumali kuna nini cha kuonyesha wageni?"

Aliuliza huku akijua. Mbwajumali alikuwako dada yetu mkubwa, aliyeolewa na binamu yetu mwenye mashamba ya minazi. Mumewe na baba walikosana kwa maneno yaliyosemwa msibani, na tangu hapo hakuna aliyemkanyagia mwenzake mlango. Miaka minne sikumwona dada. Salamu zake zilikuja kwa wale wanawake wa hospitali: ana mtoto, mtoto amefariki, ana mimba tena.

"Wasichana hawawezi kwenda peke yao na wanaume wa motaboti," nikasema. "Watahitaji mwanamke wa kufuatana nao."

Kaka akaichukua kalamu, akaandika Mbwajumali.

Wageni walipofika, waliletwa kwetu siku ya pili. Mmoja alikuwa mrefu, uso umejaa madoadoa ya jua. Mwenzake mfupi hakuacha kuandika katika kijitabu chake. Kiswahili walijifunza Mombasa, kidogo. Waliniita Bibi, mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Waliporudi kutoka Kipungani yule mrefu alipanda ngazi mbio, mkononi ana ukili, ule utepe wa majani ya mkoma unaoshonwa kuwa mkeka.

"Bibi, kila kitu ni kama wewe ulisema! Hata kisima! Wewe ulienda mara ngapi?"

"Sijaenda," nikamwambia.

Alidhani hakunielewa, akamgeukia kaka amfasirie. Alipofasiriwa akakaa akiuchezea ule ukili.

Baada ya hapo yeye mwenyewe alimwendea baba. Alisimama ukumbini akasema kwa Kiswahili chake kwamba wangependa kunichukua Pate, watanilinda kama ndugu yao. Baba alikuwa mtu wa adabu. Akasema, "Inshallah, tutatazama." Mama aliniambia nisitumaini sana. Hata hivyo nilitumaini. Nilipika halua, nikashona kanzu tatu za mtoto mchanga, nikazifunga katika kitambaa cheupe.

Kisha Bwana DC akabadilisha siku. Siku ile ya tisa alitaka wageni wawepo kwenye karamu yake, kwa hiyo Pate waende siku ya tano. Kaka alinipa habari hiyo kana kwamba ni jambo dogo.

"Siku ya tano ni mwezi mpevu," nikasema. "Saa nne ya asubuhi Mkanda ni mkavu. Hawapiti."

Mkanda ndio ule mlango mwembamba wa maji, mikoko huku na huku, baina ya Manda na bara. Hiyo ndiyo ndia ya Pate. Kaka akaenda kumwambia karani wa Bwana DC. Karani akamuuliza nani aliyesema hivyo. Kaka akaona haya kusema ni dada yake, akasema ni watu. Akaambiwa motaboti ya serikali haingoji habari za watu.

Usiku wa kuamkia safari baba aliniita. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mwanangu, mtaa mzima washasema. Ndia ya maji, na Wazungu, na mabaharia, kwenda kwa mtu asiyenipa salamu. Yeo nikikuruhusu, kesho nitauweka wapi uso wangu?"

Nikasema, "Vyema, baba."

Asubuhi niliwapa wasichana lile furushi. Yule mrefu alinishika mikono yote miwili. Alikuwa na kamera shingoni, akaapa atampiga picha dada na mtoto akiwa amezaliwa.

Walirudi alasiri. Nilijua kabla hawajasema, maana hakuna mtu aendaye Mbwajumali akarudi alasiri. Motaboti ilikaa matopeni ndani ya Mkanda tangu saa tatu mpaka saa saba, na maji yalipoanza kujaa nahodha aliona siku imekwisha, akageuza. Nyuso zao zimeungua jua, miguu imejaa tope jeusi. Yule mfupi alikuwa bado anaandika. Yule mrefu akanirudishia furushi, akasema, "Pole, Bibi. Mwaka kesho."

Mwaka kesho hakurudi. Katika siku zao zilizobaki niliwaandikia mbili za Shela, kijiji cha ufuoni papa hapa kisiwani, wakaenda, wakafurahi, wakaondoka na meli.

Dada alifariki katika uzazi mwezi wa pili baada ya hapo, yeye na mtoto. Habari ilifika siku ambayo walikwisha kuzikwa. Baba alimpa mama ruhusa pale pale, akamtafutia jahazi mwenyewe, akasimama forodhani mpaka likaondoka. Mimi niliachwa niwapikie yeye na kaka. Hakuna aliyeuliza kama nataka kwenda, nami sikuuliza. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Nimefikiri mara nyingi kwamba hata ningeruhusiwa siku ile, ningekaa matopeni pamoja nao mpaka saa saba, nikarudi. Fikra hiyo haijanisaidia.

Mama alirudi siku ya saba. Nilimvua buibui nikamletea maji ya kuosha miguu. Nikamuuliza nyumba ya dada ilikuwaje. Akasema ni nyumba ya udongo, safi, ina baraza. Nikamuuliza kama kutoka bandarini mpaka kwake ni mwendo mrefu.

"La," akasema mama. "Si mbali."