Mikono Myekundu

Vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi. Kwenye bucha moja ya Malukhu, Mbale, mwalimu mstaafu akatueleza kwa nini Waingereza husema mhalifu hunaswa akiwa na mikono myekundu: zamani mwizi wa mifugo alishikwa damu ikiwa bado vidoleni. Muuza nyama akainua mikono yake, tukacheka.

Mama mmoja hakucheka.

“Afande aliyechukua bwana yangu kule Jinja alikuwa na mikono safi, mwalimu. Alikula kwangu kwanza. Maji ya kunawa nilimmiminia mimi.”

Akainamisha mkono, kama ameshika birika.

Waingereza watutafutie msemo mwingine. Jioni mke wangu alileta birika na beseni kama kawaida. Nikamwambia aweke chini, nitanawa mwenyewe.