Kaseti ya Khaled

Mume wangu Adil hanywi, havuti, hazururi. Wazimu wake ni mmoja tu: kompyuta iliyokufa zamani.

Ilikuwa ya baba yake, Khaled, aliyeuza vitambaa hapa hapa mtaani kwetu Asiatique. Binamu yake alimletea kutoka Ubelgiji, zile za kuchomeka kwenye televisheni, programu zake zinakaa kwenye kaseti kama za muziki. Khaled akajifundisha mwenyewe, akamwandikia mkewe Ghanima programu, akairekodi. Akamwambia, hii utaiona siku ya Idi. Idi haikumkuta hai. Adil alikuwa bado anatambaa. Mashine ikaliwa na kutu, ikabaki kaseti.

Tangu mwaka juzi Adil anatengeneza emuleta, yaani programu ya kuifanya laptop yake ijidai kuwa mashine ile. Loo, nimekoma! Naunga mboga, naitwa: "Basma, njoo uone!" Naenda, naona kiboksi kinapepesa. Baada ya miezi, rangi. Kisha herufi zikakubali kuandika. Ya kale dhahabu, wanasema. Ya kwetu yalikuwa kelele. Kaseti za michezo za yule binamu zikafunguka zote, ya baba yake ikagoma. Adil akafumua kazi yake na kuifuma upya, wapi! Huku mama mkwe, Ghanima mwenyewe, anahamia Muskati kwa binti yake Houda, na tiketi ni ya Jumapili.

"Mi nataka kuona tu kile aliniandikia," alimwambia mwanawe. "Halafu niende zangu na roho nyeupe."

Alhamisi nikachoka. Chakula kinapoa, bwana ameunga redio-kaseti na laptop, amejiziba masikio na ekuta zake za kusikilizia. Nikazichomoa kwenye laptop kwa hasira. Sauti ikamwagika chumba kizima, nyembamba, ya haraka: "Bismillahi, kaseti ya Ghanima." Halafu ile milio ya programu.

Mama mkwe akaacha kijiko. "Nani huyo mutoto?"

"Ni Baba," Adil akasema.

"Apana! Khaled alikuwa na sauti nzito. Akikohoa dukani, mi nasikia jikoni."

Adil akasimamisha kaseti. Miaka yote aliisikiliza peke yake kwa ekuta, akijua baba yake anasema vile. Akauliza walirekodi na nini.

"Na redio-kaseti ya betri. Betri zilikuwa hazipatikani, mi nazianika juu ya bati zipate nguvu kidogo. Ilikuwa inazunguka kwa uvivu, maskini."

"Mama!" Adil akaruka. Ilirekodiwa pole pole, ndiyo maana kwenye redio yenye nguvu kamili kila kitu kinakimbia, sauti na milio pia, na emuleta haiitambui. Kosa halikuwa lake hata kidogo! Akaanza kupunguza mwendo kwenye laptop, mama yake ndiye fundi.

"Bado mutoto. Shusha. Sasa umemufanya mulevi, pandisha. Bado..." Kisha akashika meza. "Ee. Huyo. Huyo ndiye baba yako."

Adil akaipa emuleta mwendo huo huo. Milio ikaenda, ikaenda, safari hii haikugoma. Kwenye kioo ikajichora nyumba, mstari kwa mstari, paa jekundu, na mlangoni: GHANIMA KARIBU KWAKO.

Mama mkwe akacheka huku machozi yanamtoka. "Nyumba ya Kinanira! Kila siku alisema atanijengea huko mtaa wa Kinanira. We Khaled, mwongo mukubwa we!" Akakigusa kile kimlango kwa kidole.

Nikamwambia Adil atazame, si ndicho alichokihangaikia miaka miwili? Hakutazama. Alikuwa ameokota ekuta zake sakafuni, amezivaa, amerudisha kaseti mwanzo. Akasikiliza. Akarudisha tena.

"Adil, chakula," nikasema.

"Ngoja," akasema. "Baba anaongea."