Tembo Aliyekataa Kuinua Mkono

Mume wangu Damba ni Tembo. Hajawahi kumwona tembo maishani mwake, wala mimi, lakini ndivyo tunavyowaita wanamieleka kama yeye hapa mjini kwetu Arvaikheer. Ukishinda mweleka wa mwisho kwenye naadam, sikukuu yetu ya kiangazi, mkoa mzima unakuita Simba. Ukiangushwa katika huo wa mwisho, wewe ni Tembo. Damba alifika mwisho mara mbili ujanani, na mara zote mbili akaangushwa. Basi nimeishi na mtu anayeutaka usimba kuliko chakula cha jioni, na nawaambia ukweli, inachosha.

Alianza mieleka kwao machungani, akishikana na ndama. Jeshini wakamwona ana mgongo wa nguvu, wakampeleka chuo cha michezo mji mkuu, Ulaanbaatar, akarudi na cheti na goti bovu. Akakodi chumba cha chini cha jengo la zamani, pale mabomba ya maji moto yanapopita, akatandika magodoro, akaleta vyuma vya kunyanyua. Jioni anafundisha vijana mieleka. Asubuhi anafundisha akina mama wa maofisini, ambao wakishakula sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu, sketi haziwafungi tena.

"Mwalimu, hili tumbo litaisha lini?" anauliza Tserenlkham wa posta, kila mwaka swali lile lile.

"Likichoka kukaa na wewe. Chuchumaa."

"Si nimechuchumaa!"

"Hapo umeinama, dada, kama umeangusha sindano. Chuchumaa!"

Wakicheka, naye anacheka. Akifika nyumbani hana kicheko. Anajitupa kitandani, ananyoosha mguu, nami nausugua kwa mafuta ya mkia wa kondoo mpaka vidole vinakufa ganzi. Ndoa yangu nusu yake ni goti hilo.

Shinebold ndiye mwanafunzi wake mkubwa. Alikuja kwetu kijana mwembamba, kafiwa na baba, akala kwangu kondoo wasiohesabika, akawa jitu la kuinamia milango. Kila anachokijua kuhusu mieleka kakitoa kwa Damba.

Mwaka huu, siku moja kabla ya naadam, Damba alinijia na koti lake la mieleka, lile la mikono mirefu lililo wazi kifuani, linalofungwa kwa kamba tumboni. Kamba ilikuwa imelika.

"Nishonee nyingine, Norjmaa. Mwaka huu ndio wa mwisho."

"Ulisema hivyo hivyo mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuwa nadanganya."

Nikashona. Ningefanyaje?

Siku yenyewe alipigana kufa kupona. Aliangusha mmoja, akaangusha mwingine, na kila akitoka uwanjani alichechemea zaidi, akijitia hamnazo. Nilikaa jukwaani na Tserenlkham, khuushuur zangu, sambusa zetu za nyama, zikipoa mapajani. Wakabaki wawili tu: Damba na Shinebold.

"Jamani, mwalimu na mtoto wake!" Tserenlkham akasema. "Utamshangilia nani?"

"Niache, wee."

Walishikana mabega, wakazunguka, wakasukumana. Damba alikuwa anahema mpaka nasikia mimi. Kisha akauleta mtego wake wa mguu wa kushoto, ule ule aliomfundisha Shinebold kuuruka tangu kijana yule ana miguu kama fito. Na Shinebold akaanguka. Goti lake likagusa nyasi, na kwetu hapo mtu ameshindwa.

Uwanja ulilipuka. Tserenlkham alinikumbatia, khuushuur zikamwagika. Lakini mimi nimetazama mieleka maisha yangu yote, sina macho ya mapambo. Goti la kijana lilikunjwa kabla mguu wa Damba haujalifikia.

Kwetu aliyeanguka hufungua kamba ya koti lake, mshindi huinua mkono, na yule hupita chini ya kwapa lake. Hapo ndipo mambo yanaisha. Shinebold akafungua kamba, akaja ameinamisha kichwa. Damba hakuinua mkono.

"Inua, Mwalimu," Shinebold alinong'ona. Waliokuwa karibu walisikia.

"Sikukuangusha mimi."

Mwamuzi akaja mbio. "Goti limegusa chini! Mpitishe!"

"Limegusa kwa sababu lilitaka. Mimi siinui mkono kwa jambo ambalo sikulifanya."

Akageuka, akaondoka akichechemea. Waamuzi walibishana mpaka vivuli vikarefuka, na mwaka huu hakuna aliyepewa usimba.

Nyumbani nilimpasukia. "Mkono tu, Damba! Mkono mmoja tu! Miaka yote hii nakusugua goti, na usimba umekuja mpaka miguuni pako!"

"Ningeitwa Simba, halafu kila akiniamkia yule kijana nitazame wapi?"

Nilimkasirikia, nikamkasirikia na Shinebold, na nilimwonea huruma mume wangu.

Sikukuu ilipokwisha alifungua darasa la asubuhi kama kawaida, nami nikamfuata na chupa ya chai. Akina mama walikuwa wanachuchumaa kimya, hata Tserenlkham hana utani. Mlango ukafunguliwa. Shinebold, macho mekundu.

"Mwalimu, nisamehe. Lile goti lako..."

"Goti langu lina mwenyewe."

"Ulikuwa unahema, Mwalimu. Nikaona..."

"Uliona mzee."

"Ndiyo."

"Basi mwangushe huyo mzee. Vaa koti."

"Damba, utavunjika!" nikapiga kelele.

"Norjmaa, nyamaza kidogo."

Akina mama walijibanza ukutani. Wawili wale wakavaa makoti, wakashikana. Damba alikwenda kwa nguvu zake zote, sikuwahi kumwona hivyo, shingo imemtoka mishipa. Akauleta mguu wa kushoto. Shinebold akauruka kama alivyofundishwa, akamnyanyua mwalimu wake, akambwaga. Mabomba yalitikisika. Tserenlkham alipiga ukelele.

Damba alilala pale akitazama dari. Kisha akanyanyuka polepole, akafungua ile kamba niliyomshonea. Shinebold aliinua mkono. Mume wangu akainama, akapita chini yake, taratibu, kwa sababu ya goti.

"Mguu umeuruka vizuri," akamwambia. "Hivyo ndivyo. Mwakani uwaangushe wote hivyo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa endelea na hawa akina mama. Usiwahurumie."

Akaja akakaa kwenye benchi, jambo ambalo sijamwona akilifanya darasa likiendelea.

"Norjmaa," akasema, "nimechoka. Nimiminie chai."

Nikammiminia huku machozi yananitoka, na akina mama wakachuchumaa bila kuambiwa.