Niliyoyaandika Juu ya Mzee Shen

Iko Jumapili moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na nakusimulia kwa sababu kesho kutwa unaanza kazi ya kutunza wazee. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijamaliza hata mwaka tangu nitoke Machakos, nikifanya kazi katika nyumba ya wazee huko ughaibuni, mjini Pearland. Nilijiona najua kila kitu, kama mnavyojiona ninyi leo.

Kati ya wazee wangu alikuwemo Mzee Shen, Mchina, mwalimu mstaafu. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, na Kiingereza pia. Kila siku baada ya chakula cha mchana alinyoosha mgongo, akafumba macho, akaanza kutoa sauti ya kupanda na kushuka, nusu kuongea nusu kuimba, kidole kikigonga meza. Mwenzake wa chumbani alilalamika, nami nilikuwa na vitanda vya kutandika. Nikaandika kwenye ripoti: anapiga kelele, anaongea peke yake, amezidi kuchanganyikiwa.

Muuguzi akasoma, daktari akasoma, Mzee Shen akaanzishiwa dawa ya kumtuliza. Akatulia kweli. Alitulia mpaka kijiko kikamshinda. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba zamu imekuwa nyepesi.

Jumapili hiyo binti yake akaja kutoka Dallas, mama wa makamo, mpole. Akaketi mbele ya baba yake, akasema mstari mmoja kwa sauti ile ile ya mzee, akangoja. Mzee alimtazama tu. Binti akarudia mstari, kisha akanigeukia.

"Nani aliandika kwamba baba anapiga kelele?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Ulidhani anafanya nini?"

"Sikujua, mama. Nilidhani ni kuchanganyikiwa."

"Basi ungeuliza."

Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Aliniambia kwamba yale yalikuwa mashairi ya kale ya kwao, mengine yametungwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mtoto huyakariri kabla hajayaelewa, na maana humjia kidogo kidogo kadiri anavyoishi. Lile la kumuaga rafiki hulielewa siku anapoaga. Lile la afisa aliyepelekwa mbali hulielewa akiwa ugenini. Humo ndimo watu wao walijifunza kuheshimu wazazi na kubeba huzuni bila kupoteza adabu. Baba yake aliyafundisha maisha yake yote.

"Jina langu amelisahau," akasema. "Lakini nikianza mstari, anaumalizia. Ndivyo tulivyokuwa tukiongea."

Nikaandika ripoti nyingine, kwamba niliandika jambo nisilolijua. Muuguzi alinigombeza, na alikuwa na haki. Dawa ikapunguzwa. Baada ya wiki tatu, mchana mmoja, mzee akafumba macho, akatoa mistari minne, akakwama. Alipoanza tu nilikuwa nimempigia binti yake simu, naye akaisikiliza mpaka pale alipokwama. Mengine hayakurudi. Kama ilikuwa dawa au ugonjwa wenyewe, sijui. Daktari naye hakujua. Mwaka uliofuata Mzee Shen akafariki.

Sikuambii haya ili ulie. Nakuambia usiandike neno juu ya mtu kabla hujauliza, maana wewe utalisahau na yeye atalimeza kila asubuhi pamoja na vidonge. Ukimsikia mzee anasema usichokielewa, mtafute mtu wa kwao. Usidhani kwamba lugha usiyoijua haina kitu ndani. Na wewe mwenyewe kariri kitu cha kwenu, wimbo wa bibi yako au zaburi kwa Kikamba, wala usinijibu "Okay, Mum" halafu ukarudi kwenye simu. Akili ikiondoka, hubaki kile tu ulichokiweka mapema.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe subira na watu, na utakapozeeka akuweke karibu na mtu atakayekuuliza unasema nini.