Ramadhani Niliyoifunga Yote
Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Asubuhi za Ramadhani, pale Mazingara, alipika uji mwepesi, akaumimina kwenye chupa ya chai, akaiweka kwenye kona ya jiko pamoja na kikombe kimoja kilichofunikwa. Hakusema ni wa nani. Mwanamke aliyekuwa kwenye siku zake aliingia mle, akafunga mlango, akanywa, akasuuza kikombe na kutoka huku akifuta mdomo. Wanaume na watoto hawakujua lolote, au walijifanya hawajui.

Mimi nilitoka Mpale, upande wa Korogwe, na nyumbani kwetu hakukuwa na uji wa namna hiyo. Mama yangu alitufundisha kujikaza mbele ya kaka zetu mpaka magharibi, kana kwamba tumefunga, na njaa ya siku zile ninaikumbuka mpaka leo kwa hasira. Kwa hiyo nilimpenda mama mkwe kwa sababu ya ile chupa, kabla hata sijamzoea.

Sikujua kwamba alikuwa anahesabu. Wifi zangu wawili waliishi palepale, na kila mmoja alikuwa na siku zake za kufunga mlango wa jiko. Mimi, bibi harusi wa miezi michache, sikuufunga hata mara moja. Nilifunga thelathini zote. Siku ya Idi, tukiwa tunapakua pilau, nilimsikia akimwambia jirani jambo kwa Kizigua, na jirani akageuka kunitazama tumboni. Kufikia alasiri wazee wa kike watano walikuwa wamenishika tumbo na kuniombea dua.

Wifi mkubwa ndiye aliyenitafsiria. "Mama anasema mwanamke mzima hafungi mwezi mzima bila kula hata siku moja. Labda awe kikongwe, au awe na mtoto tumboni. Na wewe kikongwe hujawa bado."

Tatizo ni kwamba hata mimi niliamini. Na mimi nilikuwa na habari ambazo mama mkwe hakuwa nazo. Baada ya ndoa nilibaki Korogwe mjini miezi kadhaa kumalizia mafunzo ya ushonaji, na kwa makubaliano na mume wangu nilichoma sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, mara mbili. Mama yake hatukumwambia. Tulisema tutamwambia baadaye, maana alikuwa anamsubiri mjukuu kwa hamu iliyotutia aibu. Nilipohamia Mazingara niliacha tarehe ya sindano ya tatu ipite. Nilidhani sindano ni kama bando la simu, kwamba ikifika siku yake inakatika palepale. Basi nilipoona mwezi umepita bila damu, na mwingine ukapita, nikasema moyoni kwamba tayari. Kupima sikupima. Niliogopa kipimo kisije kikaninyang'anya furaha.

Na furaha ilikuwepo, sitakana. Mama alinikataza kubeba ndoo. Alinikalisha naye barazani tukipukuchua mahindi, akinisimulia alivyomzaa kila mmoja wa watoto wake, nani alitanguliza miguu, nani alimchelewesha shambani. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, na akikwama aliniangalia nimsaidie neno. Wiki zile nilijiona mtoto wake kabisa. Ningeweza kuzirudia leo, na uongo wote uliokuwamo, nikafurahi vilevile.

Kisha asubuhi moja nikaona tone. Halikufanana na siku zangu. Lilikuwa la rangi ya kahawia, dogo, kesho yake hakuna kitu, keshokutwa likarudi. Nilifua nguo zangu peke yangu nyuma ya nyumba kwa siku nne, nikiwa na hakika kwamba mtoto anatoka kidogo kidogo. Siku ya tano nilishindwa.

"Mama, naona damu."

Aliketi chini palepale aliposimama. "Tumbo linauma?"

"Hapana."

"Kizunguzungu?"

"Hapana, mama."

Aliingia ndani, akatoka na khanga mbili safi. "Twende."

Nilimwomba twende Korogwe, kwenye zahanati yenye kadi yangu ya matibabu. Ni kweli kadi ilikuwa huko. Ila nilitaka pia niulizwe maswali mbali na masikio ya kijiji. Tulipanda bodaboda hadi barabara kuu, kisha basi, na njia nzima alinishika mkono kama mtoto anayeweza kupotea.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia, naye akamwomba mkwe wangu asubiri nje. Akapima mkojo, kikatoka kistari kimoja. Akapima tena, kikatoka kilekile. Ndipo akaifungua kadi na kunitazama juu ya miwani.

"Tarehe ya sindano imeisha kwenye kadi, mwanangu. Mwilini haijaisha. Mwingine hukaa miezi mingi bila kuona siku zake, hata mwaka. Mwingine huona matone yasiyo na ratiba, kama wewe. Kukosa siku siyo lazima iwe mimba, na damu siyo lazima iwe mimba imetoka. Ukiwa na shaka, unapima." Akaniambia pia kwamba damu ikiwa nyingi, au tumbo likianza kuuma, nisikae nyumbani kusikilizia. Mwisho akauliza kama amwite mama aelezwe.

"Nitamwambia mwenyewe," nikasema.

Mama alikuwa kwenye benchi, khanga zote mbili mapajani. Aliinuka.

"Kiumbe kipo?"

"Hakipo, mama. Hakikuwahi kuwepo. Wanasema siku zangu zimevurugika tu."

"Basi ni mimi," akasema. "Nilikuhesabia vibaya, nikakubebesha mimba ya maneno."

Ilikuwa zamu yangu kusema. Neno sindano lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamwambia tutachelewa basi.

Kesho yake alivaa khanga yake nzuri, akanichukua, tukapita nyumba kwa nyumba kwa wote aliowaambia siku ya Idi. Kila mlango alisema kwa sauti ili kila mtu asikie: "Niliwadanganya. Mkwe wangu hajaharibu mimba wala hana kasoro. Mimi ndiye sikujua kuhesabu." Kwenye nyumba moja walimcheka, naye akacheka nao. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama chini, na watu wakadhani ni adabu.

Siku zangu zilirudi sawasawa baada ya miezi saba. Mwaka uliofuata nikamzaa binti, na mama alimpokea kwa mikono miwili. Tuliishi naye miaka mingine sita, tukipika pamoja, tukilima pamoja, tukikaa barazani jioni nyingi ambazo hazikuwa na mtu mwingine. Nafasi ya kumwambia haikukosekana hata siku moja. Tumemzika mwaka juzi, naye ameondoka akiamini kwamba mkosaji alikuwa yeye.